Mshenga Aliyekatazwa Kuongopa

Katika Gisenyi yote, kuanzia ufukwe wa ziwa mpaka mashamba ya viazi ya Mudende, hapakuwa na mtu aliyejua kuomba mke kama Wenceslas. Sisemi mke wake mwenyewe. Wake alikuwa amerudi kwao zamani, na kwa hilo hakuna anayemlaumu mama wa watu. Nasema wake za wenzake, maana Wenceslas alikuwa mshenga, na mshenga wa Gisenyi si mtu wa kubeba ujumbe tu. Ni mpiganaji.

Kule posa ni vita vya maneno. Upande wa kijana unakuja na mshenga wake, upande wa binti unaweka wa kwake, wawili hao wanakaa wakitazamana mbele ya wageni na kudanganyana kwa heshima kubwa. Mmoja anasema wametoka mbali wakimfuata ng'ombe aliyepotea. Mwenzake anajibu kwamba hapa hakuna binti, alikuwepo mmoja lakini ameingia utawa. Yule wa kwanza anasifu nyumba, anasifu mababu, anasifu hata mbwa anayembwekea. Kila mtu anajua kwamba ni uongo mtupu, na anayeongopa vizuri ndiye anayepewa binti, kisha chakula.

Kwa uongo wa namna hiyo Wenceslas hakuwa na mpinzani. Kasoro yake ilikuwa moja. Aliamini kwamba maneno hayamtoki bila urumogi, yaani bangi. Kabla ya kusimama alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda nyuma ya nyumba mara moja, anarudi macho mekundu na ulimi umelainika, na watu wanavuta viti karibu. Mwanzoni alivuta siku za posa tu. Baadaye akavuta na siku za kujiandaa kwa posa, halafu siku za kupumzika baada ya posa, na ilipokuja ile miaka ya vita ambayo hakuna aliyeoa wala kuolewa, akavuta tangu alfajiri, na juu yake akaweka kanyanga, ile pombe kali ya magendo inayochoma koo. Aliuza mlango wa nyumba yake, kisha akalalamika mtaa mzima kwamba siku hizi kuna baridi.

Kilichomwangusha ni posa ya mwisho. Alikuwa mshenga wa upande wa kijana. Katikati ya mabishano akaanza kumsikiliza mpinzani wake kwa makini, akitikisa kichwa kwa kukubali. Akaona kweli jamaa ana hoja. Akasimama, akabeba kiti chake, akavuka ua mzima akakaa upande wa binti, na kutoka huko akatangaza kwamba ukoo wa yule kijana haustahili kupewa hata kuku. Mama wa kijana alimkimbiza kwa mwavuli mpaka kwenye Barrière, kituo cha mpaka wa Goma, na askari wa hapo wakamwacha mama yule apite bila karatasi kwa kuwa waliona ana kazi. Siku ya pili Mukeshimana, dada yake Wenceslas, alimshika mkono, akampandisha mlimani mpaka Nyumba ya Yaboki.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1998. Nyumba hiyo zamani ilikuwa ghala la kahawa, na sasa walikaa humo wanaume waliotaka kuacha bangi na kanyanga, pamoja na wale ambao dada zao ndio waliotaka. Mwenye nyumba aliitwa Mama Drocella, mjane mpana mwenye sauti ya kengele, aliyezaliwa ukimbizini Ngara na kurudi na Kiswahili safi cha Tanzania na Biblia iliyopoteza jalada. Jina alilitoa kwenye kijito cha Yaboki, pale Yakobo alipopigana mieleka na Mungu mpaka kukapambazuka. Alitaka wanaume wake wapigane vivyo hivyo, isipokuwa yeye aliwaruhusu kulala.

Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya, na sitayapamba. Wenceslas alitetemeka, alitoa jasho, alitukana, aliota moshi na kuamka akilia kwa kuwa ulikuwa ndoto. Alijaribu kutoroka, lakini kwa kuwa alizoea kuaga kwa hotuba, kila mara alikamatwa akiwa bado kwenye utangulizi. Wenzake walipochoka kumsikiliza alihamia zizini, akawa anamhutubia ndama wa nyumba, jike dogo lenye sikio moja, jingine lililiwa na mbwa. Ndama alimsikiliza kwa hilo lililobaki.

Sheria za Mama Drocella zilikuwa chache, na ya kwanza ilihusu uongo. Hakutaka uongo wa aina yoyote, mkubwa, mdogo, wa adabu, wa mzaha. Aliamini kwamba mraibu haanzi kurudia bangi kwa kuvuta, anaanza kwa kusema "nakwenda mara moja tu kumsalimu shangazi." Aliyeongopa alimenya beseni la viazi. Wenceslas alimenya viazi vya Mudende asubuhi, mchana na jioni. Ukimwuliza amelalaje, anaongopa. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa anamenya bila kutazama, ganda moja jembamba kutoka juu mpaka chini, na wapishi walianza kumwombea asibadilike haraka.

Kusali nako kulimshinda. Si kwamba alikosa maneno. Jioni ya kwanza aliyoombwa aongoze sala alisimama, akasafisha koo, akaanza: "Ewe Mufalme wa wafalme, mwenye makundi kwa milima yote, siye wageni wako tumetoka mbali sana..."

"Wenceslas," Mama Drocella alimkatiza akiwa bado amefumba macho, "unamposa nani?"

Watu wakacheka. Yeye akanuna.

"Mungu hana binti wa kuozesha," mama akaendelea. "Mwambie unachotaka, kisha ukae."

Alikaa, na hakusali tena kwa muda mrefu, maana akiondoa mapambo alikuta hakuna kitu chini yake, na jambo hilo lilimtisha kuliko alivyokubali. Mpaka mchana mmoja wa mvua, yuko peke yake na beseni, kisu kikasimama mkononi. Akasema kwa sauti ndogo: "Mungu, mi nachoka. Nisaidie."

Hakuna kilichotokea. Mvua iliendelea, viazi viliendelea. Lakini jioni, wakati wa kula, aligundua kwamba tangu maneno yale hajaiwaza bangi hata mara moja. Akalia palepale mbele ya wenzake, na kwa kuwa alikuwa amemenya viazi wala si vitunguu, hakuwa na kisingizio. Tangu siku hiyo alisali kila siku, na kila sala ilikuwa fupi kiasi cha kuwashangaza waliomjua.

Mwaka 1999 ukaja, barabara ya Mudende ikaanza kupitika bila hofu, na watu wakakumbuka kuoana. Mmoja wao alikuwa Régis, fundi baiskeli, aliyepita Yaboki mwaka mmoja kabla ya Wenceslas na kutoka mzima. Régis alimpenda Kabatesi, binti wa Mzee Nkusi wa karibu na Grande Barrière, na Kabatesi alimpenda yeye akijua yote. Mzee ndiye hakujua kitu. Mama Drocella alikuwa amemwagiza Régis amweleze mzee kabla ya posa, na Régis alikwenda kwa Mzee Nkusi mara nyingi kwa nia hiyo, na kila mara aliishia kuzungumza habari za mvua.

Sasa akaja Yaboki kuomba msaada. Hakuwa na baba wala mjomba, na ni mwaka gani aliwapoteza hakuna aliyehitaji kuuliza. "Wenceslas, kaka yangu," akasema, "mi siko na mutu wa kuniombea muke. Weye njo utasema."

Wenceslas aliogopa. Tangu ujana wake hakuwahi kusimama mbele ya posa akiwa na kichwa kitupu. Je, kama maneno kweli yalikuwa yanakaa kwenye moshi? Kama atasimama pale, mdomo wazi, kimya, Régis akose mke? Akijijua alivyo, hatarudi Yaboki siku hiyo. Atakwenda moja kwa moja kule yanakouzwa maneno. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Akaenda kwa Mama Drocella kutafuta njia ya kukataa bila kukataa.

"Mama, tatizo iko moja. Kwa posa, mutu anadanganya. Ni desturi, haiko zambi. Unipe ruhusa ya siku moja tu."

"Ukiwa hapa kwangu, hapana."

"Ata kusema tunafuata ng'ombe yenye ilipotea?"

"Mmepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Basi. Ulimi wako umepona juzi tu, bwana. Useme kweli, au unyamaze."

"Mama, mushenga wa kweli tupu, haijaonekana tangu dunia iwe!"

"Nitakuja kuiona," akasema Mama Drocella, na kweli akaanza kupiga pasi gauni lake.

Siku ya posa wakateremka mjini. Wazee wa upande wa Régis walikuwa wakazi wa Yaboki, wamevaa suti walizoazimwa na kwaya, na kwa kuwa wanakwaya wengi walikuwa wanene, msafara ule ulionekana kama nguo zinazotembea zenyewe. Mbele alikwenda yule ndama wa sikio moja, zawadi ya nyumba kwa ajili ya mahari. Njiani alimpiga teke Mama Drocella.

Ua wa Mzee Nkusi ulikuwa umejaa. Nusu ya wageni walikuwa ndugu zake wa Goma, waliovuka mpaka asubuhi na walitakiwa kuvuka tena kabla haujafungwa jioni, kwa hiyo mzee alikuwa ameagiza maneno yasemwe kwa Kiswahili na yasirefushwe. Wageni wa upande wa kijana walisimamishwa mlangoni wasubiri kuitwa, kama desturi inavyotaka. Hapo ndipo miguu ya Wenceslas, kwa mazoea ya miaka yote, ikataka kwenda nyuma ya nyumba. Safari hii kweli ilikuwa haja ndogo. Akaonyeshwa choo.

Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikuwa amekaa mwanamume mwenye shati safi lililofungwa vifungo vibaya, akivuta. Ile harufu ilimfikia Wenceslas kabla ya salamu.

"Weye njo Wenceslas," yule akasema akitabasamu. "Nilikusikiaka kwa posa moja kule Birere. Ulisema mpaka bibi-arusi alilia. Mi naitwa Sano. Kaka ya Kabatesi."

"Na mbona hauko kule mbele na wengine?"

"Papa alisema nikae huku, wageni wasinione." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akatoa msokoto mwingine mfukoni na kumnyooshea. "Kamata. Bila hii hautasema kitu leo."

Hayo yalikuwa mawazo ya Wenceslas mwenyewe, neno kwa neno, yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Akautazama mkono wake ukinyooka. Hakuuagiza, ulikwenda wenyewe. Vidole vilikuwa vimekaribia karatasi.

"Mungu," akasema Wenceslas, "mukono."

Hiyo ndiyo sala nzima. Mkono ukarudi, na miguu ikashika mbio. Haikutafuta njia. Ilipita katikati ya migomba, ikapita kwenye uzio wa matete, na mshenga mkuu wa upande wa kijana akatokeza katikati ya ua wa watu, kabla ya kuitwa, koti limechanika bega, na jani la mgomba kichwani.

Mshenga wa upande wa binti alikuwa Narcisse, kinyozi wa sokoni, mtu mwenye maneno na ndevu zilizokatwa kwa rula. Alipomwona Wenceslas alifurahi. Aliamini ni mbinu mpya.

"Yewe!" akapiga kelele. "Bantu ya nyumba, ni nini hii inaingia kwa lupango yetu, kwa ua ya watu, kama mbuzi yenye kukata kamba? We mugeni, unakimbia nini?"

Wenceslas akafungua mdomo. Uongo wote wa zamani ukaja mbio kumlaki. Kulikuwa na chui. Kulikuwa na ng'ombe wa kifalme. Lakini pale mlangoni Mama Drocella alikuwa amesimama na gauni lake lililopigwa pasi, mikono kifuani.

"Nakimbia bangi," akasema.

 Ua ukapasuka kwa kicheko, viti vikalia, mgeni mmoja wa Goma akamwaga Fanta yake.

"Bangi!" Narcisse akapangusa machozi. "Na iko wapi hiyo bangi yenye kukimbiza mutu muzima?"

"Nyuma ya nyumba yenu. Karibu na choo."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja tu hakucheka, Mzee Nkusi, aliyeinama kutazama viatu vyake.

Wenceslas akakaa. Jambo la ajabu lilikuwa limetokea. Alikuwa amesema, na watu walikuwa wamesikia, na kichwa chake kilikuwa kitupu kabisa. Wazee wa Yaboki wakaingia wakakaa nyuma yake ndani ya suti zao.

"Bon," Narcisse akaanza rasmi. "Mumetoka wapi?"

"Kule mulimani, kwa nyumba ya wenye wanaacha bangi na kanyanga. Tunafungiwa."

Kicheko.

"Na hawa wazee ni nani kwa kijana? Ni ba mujomba?"

"Hapana. Tulilala nao chumba moja. Mutu mwenye ulilala naye chumba moja kule, anajua zambi zako zote. Mujomba hawezi kujua ile."

Wageni walipigana mabega. Narcisse, ambaye alikuwa ameandaa majibu ya kuhusu ng'ombe wa kifalme, alianza kutoa jasho.

"Na ng'ombe? Munaleta ng'ombe ngapi?"

"Moja. Kidogo. Iko na sikio moja, na tabia yake ni mubaya. Leo asubuhi imepiga mama yetu teke." Mama Drocella, kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli, akatikisa kichwa kuthibitisha na kushika paja.

Basi Narcisse akatumia silaha ya desturi. Akasema binti wanayemtafuta hajulikani hapa, lakini labda ni huyu, na kutoka ndani ya nyumba akatolewa bibi yake Kabatesi upande wa mama, Mukabera, mkongwe asiye na jino hata moja, amejifunika mushanana, vazi la bibi-arusi, na kujipaka poda. Ua mzima ukashangilia.

"Njo huyu munataka?"

"Hapana, haiko huyu."

"Kwa nini?" akauliza bibi Mukabera mwenyewe, akijishika kiuno. "We kijana, mi siko muzuri?"

 Desturi ilitaka Wenceslas asifu. Mama Drocella alitaka kweli. Akamtazama bibi, akageuka akawatazama wenzake mmoja mmoja, yule aliyepotelea ndani ya suti, yule aliyeng'olewa meno na kanyanga, na Régis aliyekuwa amebadilika rangi.

"Bibi," akasema, "kwa upande wetu huku, hakuna ata moja anakufikia kwa uzuri."

Bibi Mukabera akakaa palepale na kusema binti apewe, yeye ameridhika.

"Ngoja, bibi, ngoja!" Narcisse alikuwa anahema. "Kijana wenu, atuambie kasoro yake!"

"Baiskeli anatengeneza muzuri. Kuimba, hapana kabisa. Kasoro yake kubwa, ile atasema yeye mwenyewe, haiko yangu. Tulimwambia aiseme. Akifika hapa, anaongea mvua."

Hata Mzee Nkusi alicheka hapo, maana mvua ile alikuwa ameisikia sana. Narcisse akainua mikono yote miwili, akatangaza kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuona mshenga mwenye mizaha ya namna hiyo, na kwamba binti ametolewa. Vigelegele vikapigwa. Wa Goma wakatazama jua na kufurahi.

Palibaki jambo moja. Ili posa ifungwe, baba wa binti na mshenga wa kijana hunywa pamoja kutoka chungu kimoja cha pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Chungu kikaletwa. Mzee Nkusi akasimama, akachovya mrija wake, akamnyooshea Wenceslas ule wa pili.

"Muzee, mi sinywi," Wenceslas akasema. "Nikianza na hii, jioni niko kwa kanyanga, kesho nauza suti, na suti ni ya kwaya."

Wakacheka.

"Kunywa, mutoto yangu," mzee akasema kwa upole. "Muchezo imeisha sasa. Pombe ikikataliwa, na binti amekataliwa."

Mrija ulikuwa karibu na mdomo wake. Aliinusa ndizi, tamu, ya nyumbani. Nyuma yake Régis aliacha kupumua. Angekunywa funda moja tu, nani angemlaumu? Desturi yenyewe ingemtetea. Machozi yakamjia Wenceslas kwa hasira na kwa hofu, na akayaacha yaje.

"Muzee," akasema, "tangu nifike hapa sijacheza ata neno moja."

Kicheko cha mwisho kilizimika upande wa nyuma. Watu wakaanza kurudisha kichwani yote waliyosikia, na ilionekana usoni mwao, jibu moja moja. Narcisse alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Ata ile ya bangi?"

"Ata ile."

"Ya kufungiwa?"

"Ya kufungiwa."

"Ata... ile ya ng'ombe?"

"Iko pale mulangoni. Usisimame nyuma yake."

Mzee Nkusi hakumtazama tena Wenceslas. Alikuwa anamtazama Régis, na Régis akasimama ndani ya suti isiyo yake.

"Papa," akasema, "ni kweli. Mi pia nilitoka mule. Nilivuta miaka mingi, sasa nimeacha. Nilikuja kukwambia, kila mara nikaogopa."

"Na mi nilijua!" Sauti ya Kabatesi ilitoka ndani, na yeye mwenyewe akaifuata, kabla ya kuitwa, jambo ambalo halifanyiki. "Papa, aliniambia yote siku ya kwanza."

Mzee akaweka mrija wake chini.  Akageuka, akaenda nyuma ya nyumba kwa hatua za haraka, na kila mtu akadhani amefuata fimbo. Wazee wa Yaboki walianza kukunja mikono ya suti. Régis alitazama mlango, akatazama ndama aliyeuziba, akaamua kubaki.

Mzee akarudi. Hakuwa na fimbo. Alikuwa amemshika mkono Sano, mwanawe aliyemficha, akamleta mpaka katikati ya ua mbele ya ndugu wa Goma na mtaa mzima, na vile vifungo vibaya vya shati akavifungua na kuvifunga upya kimoja kimoja.

"Binti yangu nimewapa," akasema. "Ng'ombe ya sikio moja nimeipokea. Pombe, toeni. Sasa ni mimi naomba." Sauti ikamkatika, akaitafuta tena. "Huyu ni mutoto yangu. Anavuta, nami nimeshindwa. Kule kwenu kwa mulima, iko nafasi?"

 Ilikuwa posa mpya, na ndani ya posa anayeombwa hukataa kwanza. Narcisse, kwa uzoefu wa kazi, akamwinamia Wenceslas na kumnong'oneza kwa haraka: "Mukatalie kwanza! Sema hakuna! Sema chumba imejaa, ni desturi!"

Wenceslas alimtazama Sano, aliyekuwa amesimama kama mtoto anayevalishwa, akimtazama baba yake tu.

"Iko, muzee," akasema.